Dakika Hamsini Kwenda, Hamsini Kurudi

Mlango wa ndege ulikuwa umeshafungwa. Ngazi, ambayo kwa jeti ile ndogo hukaa ndani ya mlango wenyewe, ilikuwa imekunjwa na kumezwa, na injini mbili zilizobanwa kule mkiani kama vifurushi kwapani zilianza kulia ule mlio wao mwembamba unaomwingia mtu mpaka kwenye meno. Dada mmoja alisimama ukingoni mwa maegesho, kizibao cha kung'aa mwilini, redio mkononi, akiitazama ikigeuka taratibu kuelekea njia ya kurukia. Ndani ya ndege ile alikuwamo mwanamume anayempenda. Ndani ya ndege ile ile alikuwamo mama yake mzazi, na ndugu tisa, wakienda kumwoza kwa mwanamume mwingine.

Pale uwanjani walimwita Mizani. Kazi yake ilikuwa kupanga uzito wa ndege: watu wangapi, wakae wapi, mizigo kilo ngapi, ndege isilemewe pua wala mkia. Jina lake la nyumbani lilikuwa zuri tu, lakini lilikuwa limeshasahaulika kazini, kiasi kwamba msimamizi wa zamu alipotaka kumpa likizo ilibidi kwanza aulize anaitwa nani.

Na yule mwanamume naye alikuwa na lake. Walimwita Dakika. Alikuwa rubani msaidizi, anakaa kiti cha kulia, na jeti yao ilikwenda mji wa pili na kurudi mara tatu kwa siku. Dakika hamsini kwenda, hamsini kurudi, na kila ikitua inakaa ardhini dakika ishirini na tano tu. Katika dakika hizo abiria washuke, wengine wapande, viti vifutwe, mafuta yaingie, na Mizani apande ngazi na karatasi yake ya uzito, aingize kichwa kwenye chumba cha marubani na kusema, "Kazi njema." Mapenzi yao yaliota humo. Watu wengine hupendana kwa kutembezana ufukweni. Hawa walipendana kwa vipande vya dakika mbili mbili, mwaka mzima na miezi, Dakika akisoma hesabu za kilo kwa sauti yake nzito, na Mizani akisikiliza kilo kama mtu anayeimbiwa. Nakala ya manjano ya karatasi hiyo, iliyobaki kwa Mizani, ilikuwa na neno pembeni kwa kalamu ya Dakika kila siku. Siku nyingine "umekula?" Siku nyingine "umechoka, kaa chini."

Mama hakutaka kusikia. Dakika alituma wazee wake mara mbili. Mara zote mama aliwakaribisha barazani, akawapa maji, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasimama. Kwa mtu mzima, mwenyeji akisimama maana yake ni moja tu.

"Mtu wa kuondoka simtaki," alimwambia bintiye. "Baba yako alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu. Ulikuwa na miaka tisa. Aliniambia siku kumi. Siku kumi hizo leo zina miaka kumi na tisa. Wewe unaniletea mwenye mabawa kabisa?"

"Mama, hujamwona hata sura."

"Baba yako nilimwona sura. Ilinisaidia nini?"

Ndipo akaja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, kutoka ule mji wa pili. Mtu mpole, amefiwa na mke, hajawahi kutoka nje ya mji wake zaidi ya mara mbili. Hiyo kwa mama ilikuwa sifa kubwa kuliko zote. Ikapangwa siku ya kwenda kumpa jibu, na jibu lilikuwa ndiyo. Kwa barabara ni saa tisa za mashimo; kwa jeti watu wanakwenda asubuhi, wanakula mchana kwa wenyeji, jioni wako kwao.

"Kesho unawabeba wewe," Mizani alimwambia Dakika kwenye simu.

"Nitawabeba kama mayai," Dakika alisema.

Basi Mizani akapiga moyo konde, akafanya ujanja wake. Alikuwa amewapanga mama na ndugu zake, wote kumi, safu za nyuma. Asubuhi, karatasi ikiwa imeshasainiwa, alimbadilishia mama kiti, akampa cha mbele kabisa, mkabala na mlango wa marubani. Alisema moyoni: amwone tu. Amwone anavyosalimia abiria, amwone kucha zake safi na sauti yake ya heshima. Mtu mmoja kuhama hakuiyumbishi ndege.

Hapo alipokosea si kwenye hesabu. Alikosea kwa kuwasahau watu wa kwao.

Jeti ilipomgeuzia ubavu, Mizani aliona madirisha. Ndugu zake walikuwa wameshona sare, na wanawake sita walifunga vitambaa vya kichwa vya rangi ya chungwa. Vitambaa vyote sita vilikuwa madirisha ya mbele. Nyuma kule, kuanzia safu ya tisa hadi ya kumi na tatu, madirisha yalikuwa matupu.

Siku hiyo abiria walikuwa thelathini na mmoja tu kwa viti hamsini, na mizigo ilikuwa kidogo. Karatasi ilimwambia Kapteni kwamba watu kumi wako nyuma, naye angeitayarisha ndege kuruka kwa kufuata karatasi. Angefika mahali pa kuinua pua, na pua isingetaka kuinuka.

Akainua redio.

Msimamizi wa zamu, mwanamume mwembamba mwenye tabia ya kutokea mahali bila kusikika, alimshika mkono. "Unataka kusema nini?"

"Karatasi yangu ina kosa."

"Redio inarekodiwa, dada. Ukishasema, limesemwa. Ngoja, labda watakaa sawa wenyewe."

"Bosi, wale ni ndugu zangu. Hawajawahi kukaa sawa wenyewe."

Na kwenye redio akasema, "Jeti ya asubuhi, simameni hapo mlipo. Ni Mizani. Karatasi yangu si sahihi. Abiria kumi hawako nilipowaandika. Kosa ni langu."

Kisha jeti ikasimama katikati ya lami, taa zake zikipepesa. Sauti ya Dakika ikaja, tulivu. "Tumekusikia, Mizani. Mhudumu anawahamisha."

Dakika moja ikapita. Mbili. Tatu.

"Mizani."

"Nakusikia."

"Kuna mama hapa kiti cha kwanza. Hahami. Anasema kiti kapewa na bintiye, na bintiye ndiye mwenye uwanja." Alikohoa. "Na wale wengine wanasema asipohama yeye, hawahami. Kapteni anarudi."

Msimamizi alijishika kiuno, akatazama mbingu.

Ndege ilirudi, injini zikazimwa, mlango ukafunguka na ngazi yake. Mizani alipanda zile hatua chache kama mtu anayepanda kwenda kusomewa hukumu. Ndani mlinukia manukato ya sherehe. Dari ya jeti ile ni ya chini, na mjomba, aliye mrefu, alikuwa amesimama shingo imelala upande kama anayeomba radhi, ingawa uso wake haukuomba chochote.

"Haya, mwenye uwanja kafika," mama alisema. Mkoba mapajani, mkanda umekazwa, miguu imeshikamana.

"Shikamoo, mama."

"Shikamoo yako niliipokea asubuhi nyumbani. Sasa hivi nataka maelezo."

"Inabidi mrudi viti vya nyuma. Nyote kumi."

"Kiti hiki umenipa wewe."

"Nilikosea."

"Ulikosea asubuhi, au umekosea ulipoona tunakwenda kweli?"

"Hapo hapo!" alidakia shangazi kutoka safu ya pili. "Muulize hapo hapo, wifi. Wasichana wa zamani wakikataa mchumba walikuwa wanajifungia chumbani. Huyu wa kwetu anasimamisha ndege!"

Abiria wakacheka. Mizani hakucheka. "Shangazi, si hivyo. Mizigo ya ndege hii inakaa nyuma. Ikiwa kidogo, watu ndio wanakaa nyuma badala yake. Ninyi mmejazana mbele, pua imekuwa nzito, na Kapteni hajui kwa sababu karatasi yangu inamwambia mko kule. Angeivuta ndege ikagoma kuinuka."

"Yaani sisi ni mizigo?" mjomba aliuliza.

"Kwa leo, mjomba, ndiyo."

Mwanamke mmoja wa safu ya tano, jicho moja limefunikwa kwa pamba, aligonga kiti cha mbele yake. "Jamani, mimi nina daktari saa nne. Hili jicho nimelisubirisha miezi mitatu. Nimepanda hiki kijeti ili jioni nilale kwangu. Posa zenu zipelekeni nyuma zikazungumzwe huko!"

"Pole, dada," mama alimjibu bila kugeuka. "Utamwona daktari. Lakini huyu ni mwanangu nimemzaa mimi. Hajakosea hesabu tangu darasa la kwanza. Leo kakosea. Nataka kujua kwa nini nilipewa kiti cha mbele, na sihami kabla sijaambiwa."

Mizani alitazama nyuma. Msimamizi alikuwa chini ya ngazi, sikio limesimama. Angeweza kusema kompyuta ilikwama. Angeweza kusema lolote. Watu wa viwanjani wana visingizio vya kila aina. Lakini mama alikuwa anamtazama kwa yale macho yaliyomlea peke yake miaka kumi na tisa.

"Nilitaka umwone mtu," alisema.

"Mtu gani?"

Mlango wa marubani ulikuwa wazi. Dakika alitoka, akainama kukwepa dari, kofia mkononi. Hakuwa mrefu sana wala mzuri wa kutisha. Alikuwa na uso wa mtu anayelala vizuri, na shati lililopigwa pasi na mtu asiyejua sana kupiga pasi.

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

Mama alimpima kuanzia viatu, akapanda taratibu, hana haraka, mpaka akafika machoni. Hapo akakaa. Dakika hakuyakwepesha macho, wala hakuyakaza.

"Marahaba. Wewe ndiye yule rubani."

"Ndiye."

"Uliyenitumia wazee."

"Mara mbili."

"Na nikawapa maji."

"Walisema yalikuwa ya baridi, mama. Walishukuru."

Shangazi aliziba mdomo kwa kitambaa chake. Mama hakucheka, ila shavu moja lilitikisika.

"Usinichekeshe. Nina swali moja tu kwako. Unaondoka mara ngapi kwa mwezi?"

Mizani alifumba macho. Dakika angeweza kupunguza. "Kwa mwezi sijui, mama. Kwa siku naondoka mara tatu."

"Mungu wangu!" shangazi alisema. "Hata marehemu… hata kaka yangu alikuwa anapumzika!"

"Na kurudi?" mama aliuliza.

"Mara tatu."

Mama akahesabu kwa vidole.

"Naondoka saa mbili, saa nne nimerudi, saa nne na nusu naondoka tena. Saa saba naondoka tena. Saa tisa nimerudi, nimemaliza. Jana saa kumi na moja nilikuwa kwangu najipikia. Niliunguza."

Nyuma yake alitokea Kapteni. Alikuwa mwanamke wa umri wa mama, mnene kidogo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Mama alishtuka waziwazi.

"Wewe ndiye dereva mkuu?"

"Ndiye mimi, dada yangu."

"Una mume?"

"Nina mume na watoto watatu, na wote wamenichoka, maana kila jioni niko pale pale nawauliza nani kaacha maji wazi." Kapteni alivaa miwani yake. "Nikuambie kitu. Kuna ndege na ndege. Kuna zile kubwa: mtu anaondoka Jumatatu, ukimuuliza yuko wapi hajui hata yeye. Hiki ni kijeti cha masafa mafupi. Kazi yake ni hapo na kurudi, kama mtu anayechota maji. Hata kijana huyu akitaka kukutoroshea binti nacho, mafuta yatamwishia njiani, twende tukamwokote shambani kwa watu."

Abiria walivunjika mbavu, hata yule wa jicho. Lakini mama alikuwa bado anamtazama Dakika.

"Na hizo kubwa? Hujawahi kuzitaka?"

Mizani aliona vidole vya Dakika vikizungusha kofia, na moyo ukamwambia kuna kitu.

"Nilizitaka," Dakika alisema. "Miezi miwili iliyopita waliniita. Nilifanya mtihani wao, nikafaulu. Barua yao iko nyumbani, chini ya godoro. Sijawajibu."

"Hukuniambia," Mizani alisema, kwa sauti ndogo kama wako wawili tu humo ndani.

"Ningekuambia ungenilazimisha niende. Nakujua."

"Unangoja nini kuwajibu?" mama aliuliza.

"Nangoja jibu lako, mama. Ukinikubali, nawaandikia kesho kwamba siji, na sitalia. Ukinikataa mara ya tatu, nakwenda. Sitaweza kutua hapa mara tatu kila siku, niteremke ngazi, nimkute amesimama pale na karatasi yake, mke wa mtu mwingine. Kwa hilo sina kifua."

Hakuna aliyecheka. Yule mwenye jicho alijifuta lile zima.

Mkono wa mama ulipapasa mkoba kama unaotafuta kitu kilichopotea zamani. Kisha akafungua mkanda.

"Nipisheni," alisema. "Hiyo safu ya kumi na tatu ni wapi?"

"Kule mwisho, mama, karibu na injini," mhudumu alisema haraka kabla hajabadili nia.

"Wifi, sasa tunasemaje?" shangazi aliuliza.

"Tunasema tunahama. Huyu dada ana daktari."

Alipokwenda mama, walikwenda wote, mjomba wa mwisho, akigonga kichwa kwenye kila taa. Mizani alihesabu vichwa mara mbili, kwa kidole, safu kwa safu, akaandika karatasi mpya. Alipompa Dakika karatasi, vidole viligusana na havikuwa na haraka ya kuachana.

"Nisamehe kwa barua," Dakika alinong'ona.

"Sijakusamehe. Nenda salama, nitakusamehe ukirudi."

Kapteni alisaini. "Mizani, kosa hili lazima niliripoti."

"Najua, Kapteni."

"Ila umelisema mwenyewe, ndege ikiwa bado chini, mbele ya mama mkwe wa mwenzangu hapa." Dakika akajifanya anasoma karatasi. "Hilo la kusema nalo nitaliandika."

Safari hii jeti ilikimbia, ikainua pua yake bila shida yoyote, ikazama ndani ya mwanga wa asubuhi. Mizani aliisindikiza kwa macho mpaka ikawa nukta, na nukta ikaisha.

Msimamizi hakumfokea. Alimvua kizibao na redio, akamkalisha ofisini na karatasi tupu. "Andika ilivyokuwa. Usipambe." Aliandika kurasa mbili. Alipofika kwenye sababu ya kubadilisha kiti, aliandika: *Nilitaka mama yangu amwone rubani msaidizi.* Msimamizi alisoma, akasoma tena, akaikunja. "Miaka kumi na saba ya kazi," alisema, "sijawahi kupeleka makao makuu barua ya namna hii."

Saa nne na robo jeti ilitua, imechelewa. Mizani hakuruhusiwa tena kwenda kwenye ndege. Alisimama nyuma ya kioo cha ukumbi wa abiria, kiganja kwenye kioo. Dakika alimwona. Akatoa simu, na ya Mizani ikalia.

"Amesema nini?"

"Hakusema. Alishuka wa mwisho. Aliniuliza jambo moja tu."

"Lipi?"

"Kama kule nyuma kuna kelele siku zote."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia siku zote."

Walitazamana kupitia kioo, simu masikioni, hawana zaidi la kusema na hawataki kukata. Nyuma ya Dakika watu walikuwa wanapanda: mwalimu na boksi la mitihani, bibi na mjukuu, fundi na begi la vifaa vyake. "Dakika ishirini na tano zimekwisha," Mizani alisema mwishowe.

"Nilikuwa nazihesabu."

Saa saba jeti ikaondoka tena. Kwa Mizani, kati ya hapo na saa tisa palikuwa parefu kuliko barabara yote ya mashimo. Kule mji wa pili wakati huo walikuwa wanakula. Baada ya kula ndipo hutolewa jibu. Alikunywa maji glasi nne. Alitembea ukumbini mpaka mfagiaji akamwomba aketi.

Saa tisa na dakika kumi ndege ilitua. Ndugu walishuka: mjomba akijishika kichwa, shangazi akisema na kila mtu kwa mpigo. Mama alishuka wa mwisho. Aliingia ukumbini, akamkuta bintiye amesimama wima kama mtumishi.

"Umevuliwa kazi?"

"Bado. Nimevuliwa kizibao."

"Umeandika ukweli?"

"Wote."

"Vizuri." Mama aliketi, akavua kiatu kimoja, akakisugua kisigino. "Kule nyuma, mwanangu, injini zinatafuna masikio. Nilikaa karibu na shangazi yako, nikamwona midomo inakwenda, na sikusikia neno. Tangu nimeolewa katika ukoo ule sijapata dakika hamsini za namna hiyo. Nikafikiri."

"Ukafikiri nini, mama?"

"Nilishika saa. Nilitaka nijue kama wanasema kweli. Hamsini kwenda. Tukala, tukanawa. Hamsini kurudi. Mtu yule yule aliyetupeleka saa mbili ndiye katuchukua, shati lile lile." Sauti yake ikashuka. "Mimi nilidhani kuondoka ni kumoja tu. Sikujua kuna watu wanaondoka ili warudi."

Mizani alipiga magoti pale pale kwenye vigae, akamshika mama yake mikono.

"Na mwenye duka?"

"Nilimwambia binti yangu ana neno lake na mtu, na mimi nimelijua leo, njiani. Akasema afadhali nimelijua njiani kuliko harusini. Ni mstaarabu yule. Kidogo nijute." Mama alivaa kiatu chake. "Mwambie huyo wako ailete ile barua ya chini ya godoro, niione ikijibiwa. Na aje mwenyewe, si wazee. Na mtafutie mtu wa kumfundisha pasi."

Nje, Dakika alikuwa anashuka ngazi na mkoba wake, amemaliza kazi ya siku. Alimwona Mizani akitoka mbio mlangoni, akauacha mkoba ukaanguka.

Mizani alisimamishwa kazi siku kumi na nne, akapewa onyo la maandishi, akarudi. Kampuni ilitoa agizo kwamba abiria wa kundi moja wahesabiwe vichwa kiti kwa kiti kabla ya mlango kufungwa, na agizo hilo lingali likifuatwa. Jicho la yule mwanamke lilipasuliwa siku ile ile, saa tano badala ya saa nne, na linaona. Mwenye duka alioa mwaka uliofuata, mwalimu wa mji wake. Msimamizi alipandishwa cheo. Kapteni alistaafu, na mumewe anasema bado anauliza nani kaacha maji wazi. Shangazi husimulia kisa hiki kila anapopata wasikilizaji, na kwake yeye ndege ilikuwa imeshapaa. Jeti ilifanya kazi ile miaka minne zaidi, kisha ikauzwa, na njia ile sasa inakwenda ndege ya panga boi yenye viti sabini, inayotumia mafuta machache na dakika kumi na tano zaidi. Dakika alisomea upya akawa kapteni wake. Mama anaishi nao, chumba cha uani. Wana mtoto mmoja wa kike, ana miaka mitano, na anasema akikua atakuwa fundi viatu.